Kurasa Mbili za Bwana Mistari

Bwana Mistari alikuwa karani wa chakula katika hospitali yetu, nami msaidizi wake mwenye kimbelembele. Kila asubuhi alichapisha kutoka kwenye kompyuta jedwali la wagonjwa: kitanda, umri, maelezo ya chakula, jina la daktari. Jikoni walilibandika ukutani, juu ya masufuria, wakapakua kwa kulifuata.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kati ya wodi na wodi aliweka mstari mnene, kati ya kitanda na kitanda mwembamba, ili mpishi mwenye miwani iliyojaa mvuke asichanganye safu. Maelezo marefu aliyakunja ndani ya kisanduku chake, yashuke mistari miwili mitatu, hata safu moja ikawa na kimo cha tatu. Roho yangu iliuma. Jedwali gani lina vitambi? Mkewe, nilipomlalamikia, alinicheka: "Vumilia, mdogo wangu. Mimi nyumbani nikishatandika mkeka, yeye anakuja kuunyoosha upya."

Siku moja alichelewa, amempeleka mama yake kliniki. Nikasema leo watanitambua. Nikaondoa mikunjo yote, nikabana safu zikalingana, nikafuta mistari minene, nikachapisha. Ukurasa mmoja tu, msafi kama shuka jipya. Mpishi akausifia, nikavimba kichwa.

Bwana Mistari alipofika hakukaa hata kitako. Alisimama mbele ya ule ukuta wa jikoni.

"Mdogo wangu, jana zilikuwa kurasa mbili. Wagonjwa wamepungua?"

"Hapana, kaka. Ni walewale."

"Sasa yale maneno mengine yamekwenda wapi?"

Kidole chake kilishuka hadi wodi ya watoto, kitanda cha sita. Palisomeka: "Apewe uji wa lishe." Hapo nikakumbuka kilichofuata: usio na karanga kabisa, zinamvimbisha koo. Maneno hayo hayakufutika kwenye kompyuta. Nilipoondoa mikunjo yalitaka kumwagikia kisanduku cha pili, wakati humo mna jina la daktari, basi yakakatwa palepale ukingoni.

Uji ulikuwa umeshapelekwa. Bwana Mistari, mtu wa miaka hamsini na sita mwenye goti bovu, alitimua mbio ngazi nzima, mimi nyuma nikihema. Tulimkuta mtoto ameketi kitandani, kijiko cha kwanza kiko njiani kuelekea mdomoni. Bwana Mistari akakinyakua pamoja na bakuli.

Mtoto akaangua kilio, wodi nzima ikageuka. Alilia kwa pumzi zake zote, nami nimesimama mlangoni, naomba asinyamaze upesi: koo linalolia hivyo halijavimba.

"Samahani sana, mama," Bwana Mistari alimwambia mama wa mtoto, akishika goti. "Karatasi yetu ilikuwa na kosa."

Yetu, alisema, na alijua vizuri nani aliichapisha.