Kitenge cha Mama Élodie

Mtaani Majengo, sherehe ya mahari haikunoga bila Munguakonkwa. Alikuwa karani na mshairi, na sasa, umri ukiwa umepita hamsini, alikuwa mtu wa kila mtu. Baada ya volkano ya 2021 ndiye aliyewakusanya majirani wajenge madarasa kwa mawe ya lava, akiwatungia mistari ya kuchekesha hadi wakasahau uzito wa mawe. Familia zilizokuwa zinaozesha binti zilimwita awe msemaji wao, na hakuna msemaji wa upande wa pili aliyeondoka bila kutoka jasho.

Lakini kwa Henriette, mke wake aliyefariki miaka miwili nyuma, hakuwahi kutunga hata mstari mmoja. Kila alipojaribu, aliweka kalamu chini na kukimbilia kazi za watu wengine.

Ikafika siku ya mahari ya binti yake mwenyewe, Élodie. Kwa desturi, siku hiyo baba hasemi, husemewa. Msemaji angekuwa rafiki yake Birindwa.

"Papa, nakuomba kitu kimoja," Élodie alimwambia asubuhi. "Leo isigeuke kilio."

"Mutoto wangu, miye leo ni sanamu ya kanisa."

"Sanamu haitikisi miguu, Papa."

Aliitikisa kwa sababu aliogopa wakati mmoja tu: wakati wa kutoa kitenge ambacho wakwe humvalisha mama wa bibi harusi. Pande zote mbili zilikuwa zimepatana kwamba mama mdogo wa Élodie, Mama Léocadie, angekipokea kimyakimya, bila jina la Henriette kutajwa.

Wakwe walikuja kutoka Masisi, wakiongozwa na msemaji wao, muzee Habarurema, mfugaji aliyesifu ng'ombe kama ndugu zake wa damu.

"Tumepoteza ndama," alianza. "Nyayo zake zimeingia kwenye kiwanja hiki."

"Hapa Majengo ni lava tupu," Birindwa akajibu. "Ndama wenu anakula mawe?"

"Anakula sombe, majani ya muhogo, kama nyinyi! Ndiyo sababu amenenepa!"

Watu wakacheka. Munguakonkwa alikuwa na jibu kali zaidi, akalimeza. Habarurema akazidi kupamba moto: ng'ombe wakatajwa, majembe yakatajwa, koti la baba likatolewa. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akainua kitenge juu na kupaza sauti:

"Na mama aliyemuzaa huyu binti asimame, tumuvalishe!"

Mara akakumbuka mapatano. Mkono wake ukabaki hewani. Neno la wakwe lisipojibiwa, mahari husimama hapo hapo. Nalo lilimwita mama mwenyewe, si msemaji wake. Élodie akainamisha kichwa.

Munguakonkwa akainuka. Hakuwa ameandaa kitu chochote.

"Henriette, wageni wako wamefika,
wanakuita usimame, nawe umelala.
Kitenge chako kina ndege wekundu;
nipe ruhusa nikivae mimi, usinicheke."

Élodie akaangua kicheko, huku machozi yakimtiririka, na wanawake wakakifuata kicheko hicho kwa vigelegele. Mama Léocadie hakungoja wasemaji: alikichukua kitenge mkononi mwa Habarurema, akamfunga shemeji yake kiunoni, juu ya suti.

"Muzee, umevunja desturi!" Birindwa akapiga kelele. "Baba hasemi! Faini ni sanduku la bia!"

"Acha uongo," Habarurema akasema, akijifuta macho. "Niliita mama, nimejibiwa, na miye sina la kurudisha. Anayekosa jibu ndiye anayelipa. Bia ni juu yetu!"

"Utalipaje faini ya mutu wa kwetu? Unatuzarau?"

Walibishana hivyo, kila mmoja aking'ang'ania kulipa, hadi Munguakonkwa akainua mkono kuwanyamazisha. Mstari wa tano wa Henriette ulikuwa umeshafika.