Gurudumu Moja Kati ya Manne

Fundi aliniita nikiwa nimekaa kwenye benchi la gereji yake, hapa Tabora mjini, na sauti aliyoniitia haikunipendeza.

"Dada, sogea uone mwenyewe. Wallahi, mimi hili sijawahi kuliona."

Nilikuwa nimempelekea gari la marehemu baba, la Kiingereza, la mraba, lililoundwa kabla sijazaliwa. Tangu tumzike baba, mama alikataa katakata kulipanda, na mabasi humtapisha. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, yuko Puge, njia ya Nzega, hawezi tena kutembea, na kila akipiga simu anauliza mdogo wake atakuja lini. Mama hujibu kwamba gari lile analiogopa, basi. Nikaamua kulifungia breki mpya za diski, na busta yake ya kuzipa nguvu, nione atabaki na kisingizio gani.

Fundi alikuwa amefungua magurudumu yote. Akanionyesha bomba jembamba linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele. Lilikuwa limekunjwa na kupondwa kwa nyundo hadi likabanana, hata tone lisipite. La pili vivyo hivyo. La nyuma kulia vivyo hivyo.

"Kila lilipovuja, mtu aliliziba," alisema. "Hili gari lilikuwa linasimama kwa gurudumu moja."

Nilikaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini. Nyuma ya gari lile ndimo tulimopanda sisi watoto sita kwenda shule, tukiimba. Humo walibebwa wagonjwa, na maharusi sijui wangapi. Mtaa wetu mzima wa Itetemia ulimsifu baba kwa kuendesha taratibu. Taratibu! Kumbe angefanyaje? Nilimkasirikia marehemu kama vile yuko mbele yangu.

Nikarudi nyumbani nimefura. Mama alikuwa anachambua karanga. Nikayamwaga yote, hata shikamoo nikaisahau. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilijua," alisema. "Unadhani kwa nini nilikuwa nakaa pale katikati, nimembana baba yako? Breki ya mkono ilikuwa yangu. Akinigusa goti, navuta."

Majirani walikuwa wakiwatania kwa kukaa vile, eti uzee haujawapunguzia mapenzi. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mume wangu ajifunze kwao.

"Miaka mingapi, mama?"

"Kumi na mmoja. Ndiyo maana bega hili halipandi. Baba yako alisema spea zake haziko tena duniani. Sasa mgonjwa akipiga hodi, tumwambieje?"

Nilichukua ungo, nikamsaidia karanga.

Gari lilipokuwa tayari, nililipitisha mbele ya nyumba mara nne, nikisimamisha ghafla kila mara, hadi mama akaridhika. Jumamosi akapanda, akakaa dirishani, tukashika barabara ya Nzega. Tulipouacha mji nyuma, kundi la ng'ombe likakatiza. Niligusa pedali kidogo tu, gari likatulia. Mama akawatazama ng'ombe, kisha akautazama mguu wangu.

"Fundi alikaa nalo muda gani?"

"Siku tatu."

"Na hizo spea, zimetoka Ulaya?"

"Dar tu, zimekuja na basi. Anasema hata zile za breki za zamani zimekuwa zikipatikana siku zote." Nilisema kwa majivuno, bila kufikiri. Kisha nikamwona uso.

"Siku tatu," alisema. "Mwongo! Mwongo mkubwa yule mwanamume! Mimi kila safari natubu dhambi zangu tangu getini, na yeye anajua zinapatikana!"

Nilipigwa na butwaa. Sijawahi kumsikia mama akimsema baba vibaya, akiwa hai wala baada ya kufa. Nikajaribu kumtetea, kwamba labda naye hakujua, labda hakuuliza.

"Hakuuliza!" alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Miaka kumi na mmoja hakuuliza!"

Ng'ombe walikuwa wameshapita. Nyuma yetu lori likapiga honi.

"Geuza gari."

"Mama, mama mkubwa anatusubiri. Ameshapika."

"Atasubiri. Nipeleke makaburini kwanza, nikamwambie."

Nikageuza.