Mandazi Tuliyoyasifu

Juzi, kwenye basi la kwenda Richfield, huku ughaibuni, dada mmoja Mkenya mwenye sare ya hospitali alimsogezea mwenzake simu mpaka karibu na pua.

"Soma alichoandika mume wangu chini ya picha ya yule dada wa mandazi, kwenye lile kundi letu la mapishi."

Mwenzake akasoma: "Mandazi safi sana, dada. Mungu abariki mikono yako."

"Miaka tisa anakula kwangu, hajawahi kusema hata asante! Na mandazi yenyewe si ni kama yangu tu, ameongeza iliki!"

Wanaume wenzangu, nyuma yao niliinamisha kichwa nikafungua simu, maana mandazi hayo hayo nami nilikuwa nimeyasifu kwenye kundi hilo. Nilitaka kufuta haraka. Nikakuta mke wangu ameshajibu chini ya sifa zangu: "Basi dada, leo umpe na chakula cha jioni."