Farasi Buchani

Wewe ungetundika ukutani kwako farasi wa mkoloni? Muuza nyama wa mtaa wetu hapa Geita hukusanya picha za kale za farasi wa kuwindia, zilizochorwa kwa rangi za mafuta, na hununua kila anayoikuta kwenye minada ya vyombo vya wazungu wanaohama. Haigusi fremu kabla hajanawa mpaka viwikoni, kisha hupapasa mbavu za farasi taratibu, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Nilimwambia picha za mabwana wale zichomwe moto. "Bwana hayumo, mwanangu," alinijibu kwa sauti yake ya chini. "Nimemtafuta kwenye picha zote. Yumo farasi tu."

Juzi mkewe alichoka. "Baba Martina, wakwe wanakuja Jumapili. Hao punda wako watoke sebuleni." Hakuwa na pa kuwapeleka ila buchani, nami nikamwonya kuwa wateja watakimbia wakidhani anauza farasi. Asubuhi iliyofuata nilikuta wateja wamejaa mpaka barabarani. Mzee mmoja mfugaji alimnyooshea fimbo farasi mwekundu wa picha iliyotundikwa ukutani. "Nipimie kilo mbili za huyo aliyenona." Muuza nyama aliweka kisu chini, akavua koti lake jeupe, akamfunika farasi uso.