Siku Niliyomchelewesha Mheshimiwa

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke polepole, maana aliyeumia siku hiyo si mimi. Hii ni aibu ambayo nimetembea nayo miaka mingi, na hata mke wangu, Mama Njeri, akitaka kuninyamazisha nyumbani hana haja ya kupiga kelele, ananiuliza tu, "Kwani kile kiti kilienda wapi?" na mimi nachukua kofia yangu natoka nje.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za idara moja ya serikali (idara siitaji, wenyewe wanajijua), safu nne za mawe si mbali na soko la Jericho, na mimi nilikuwa karani wa stoo, kazi ya kuhesabu spana na matairi. Lakini stoo ilikuwa ya kunipa mshahara tu. Kitu nilichokipenda hasa ni Bunge. Ndiyo, Bunge! Nikipata siku ya mapumziko navaa koti, napanda basi mpaka mjini, nakaa pale juu wanapokaa wageni, mikono kwenye magoti, nasikiliza. Na tangu wabunge walipobadilisha utaratibu wao na kuanza kusema Kiswahili mle ndani (zamani ilikuwa Kizungu kitupu, ukitoka hapo ulichoelewa ni kikohozi), basi mimi nikawa kama nimezaliwa upya. Nilijua Waziri hawezi kulikimbia swali likishaandikwa kwenye karatasi ya shughuli za siku, nilijua mgeni hapigi makofi wala hafungui mdomo, na nilijua kwamba swali likiitwa na mbunge mwenye swali hayumo ndani, linaondolewa papo hapo, limekwisha. Hii ya mwisho nilipenda sana kuwaeleza watu kwenye kibanda cha chai, kidole juu, chai inapoa. Wakanipa jina, Bwana Kanuni, na mimi mjinga nikadhani ni sifa.

Sasa, jirani yangu mlango kwa mlango alikuwa Mama Mutheu. Mume wake alikuwa dereva wa idara yetu, mtu wa Machakos, mpole, akaugua kifua na akafariki, na kabla hata watu hawajamaliza kuja kutoa pole barua ikafika: nyumba ni ya mfanyakazi, mfanyakazi hayupo tena, familia itoke kwa siku thelathini. Mama Mutheu hakutaka nyumba hiyo milele, jameni. Alitaka kitu kimoja tu, akae mpaka binti yake Mutheu, aliyekuwa darasa la saba, afanye mtihani wake mwisho wa mwaka, kisha angefunga virago arudi kwao bila kusumbua mtu. Alienda kwa karani wa nyumba mara nne, na mara nne akaambiwa barua ni barua.

Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama Mutheu, hii tunaipeleka Bungeni." Nikamwandikia mbunge wetu barua kwa mkono wangu, na Mheshimiwa (tuseme ukweli, alikuwa mtu mzuri) akaandika swali kumuuliza Waziri kwa nini wajane wanatolewa nyumbani haraka hivyo, na kama atawaongeza muda. Swali likakubaliwa, likapangiwa siku ya Jumatano. Na mambo yakabadilika hapo hapo! Yule karani wa nyumba, aliyekuwa hata hainui macho, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mama Mutheu akasema, "Mama, kaa tu kwanza. Kitu kikiwa mbele ya Bunge mimi sikigusi. Nangoja Waziri ajibu." Niliposikia hivyo kifua kilinijaa, nikatembea estate nzima kana kwamba ni mimi nitakayejibu.

Mheshimiwa alitaka kitu kimoja kwetu, ile barua ya kufukuzwa, yenyewe, si nakala, ili Waziri akikana aiweke mezani mbele ya Bunge. "Niletee langoni saa saba," akaniambia kwa simu. Kazi ya mtu mmoja na basi moja. Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha simu, nikaona jinsi nitakavyofika langoni na bahasha kama tarishi, nitoe, niondoke, na hakuna mtu wa Jericho atakayeniona. Nikasema, "Mheshimiwa, wananchi wangependa kukukabidhi wenyewe. Pitia hapa kidogo tu saa sita, halafu twende pamoja." Akaniuliza, "Kidogo kweli?" Nikamjibu, "Mheshimiwa, mimi najua Bunge linaanza saa ngapi."

Kumbe kidogo yangu si kidogo ya watu wengine. Niliandika risala (kurasa tisa, pande zote mbili). Nikaita mpiga picha wa sokoni. Halafu nikamwendea shemeji yake Mama Mutheu, mchongaji aliyekuwa na karakana Gikomba, nikamwomba kiti cha kumpa Mheshimiwa zawadi, na yule bwana kwa uchungu wa ndugu yake aliyekufa akatoa kiti alichokuwa amekichonga miezi mitatu, kizito kama jiwe la kusagia, mikono yake vichwa vya simba. Mama Mutheu alikiangalia akasema, "Baba Njeri, si tungempelekea barua tu?" Nikamwambia awaachie wanaojua.

Jumatano yenyewe Mheshimiwa akafika saa saba kasorobo. Akina mama wakaimba, tukala, nikasoma risala. Nilipofika ukurasa wa nne, Mama Mutheu akanivuta mkono wa koti, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Njeri, saa." Nikaendelea. Ukurasa wa saba akanivuta tena, "Baba Njeri, angalia saa." Nikamgeukia mbele ya watu, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, swali letu ni la tatu! Kuna maswali mawili mbele yetu, na kila Waziri lazima azungushe maneno dakika kumi. Hiyo ndiyo kawaida ya Bunge. Tulia!" Watu wakacheka. Yeye akaachia koti langu. Mpiga picha akatupanga, akatupangua, akatupanga tena, na baada ya picha Mama Mutheu sikumwona, wala sikumtafuta.

Saa nane kasorobo tukaanza kufunga kiti juu ya gari la Mheshimiwa. Hakikukaa. Tukakigeuza miguu juu, kikakaa kidogo, tukakizungushia kamba na tukaondoka, Mheshimiwa nyuma, mimi mbele na dereva, barua mfukoni mwa Mheshimiwa, mambo sawa. Pale kwenye mzunguko wa barabara karibu na stadiamu kamba ikalegea na kiti kikaanguka katikati ya barabara mbele ya basi. Ngai! Basi likafunga breki, mkokoteni wa viazi nyuma yake ukapinduka, viazi barabara nzima, mwenye viazi akatushika mlango. Dereva akasema, "Tukiache." Mheshimiwa akasema, "Kiache, twende." Na mnajua ni nani aliyekataa? Ni mimi! "Mheshimiwa, hiki ni kiti cha wananchi, wataonaje?" nikasema, na yule mtu kwa heshima yake akakubali, tukaokota viazi, tukafunga kiti upya, huku saa nane na nusu, saa ya Bunge kuanza, inapita na mimi bado nahesabu kichwani, swali la kwanza dakika kumi, la pili dakika kumi.

Tulifika saa tisa kasorobo. Mheshimiwa alikimbia ndani akishikilia koti. Mimi nikakaguliwa, nikapanda juu kwa wageni, na nikashangaa kumkuta Mama Mutheu amekaa safu ya mbele, leso imefungwa vizuri, mkoba kwenye magoti. Nilikuwa nimempa pasi yake ya kuingia tangu jana. Alituacha kwenye picha, akapanda basi, akafika kabla ya dua. Nikakaa kando yake nikihema, nikamnong'oneza, "Bado sisi?"

Akaniangalia. "Walisoma jina la Mheshimiwa," akasema. "Wakasoma tena. Spika akauliza kama yuko, kisha akasema limeondolewa." Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba Njeri, kuondolewa maana yake nini?"

Kumbe la kwanza Waziri alijibu kwa sentensi mbili, na la pili Waziri wake akaomba apewe wiki moja zaidi. Mwaka mzima nimekaa hapo sijaona Mawaziri wepesi hivyo! Nikatazama chini, nikamwona Mheshimiwa wetu amesimama mahali pake, barua mkononi, anajaribu kusema kitu, Spika anamwonyesha akae, na yule Waziri wa kujibu swali letu anakusanya karatasi zake taratibu. Sijui ni nini kilinipata. Nilisimama, mimi, Bwana Kanuni, nikainua kidole kile kile cha kibanda cha chai, nikapaza sauti, "Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!"

Mamia ya macho yakainuliwa kuniangalia. Kisha mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka, na wakacheka wote, upande huu na upande ule, mpaka Waziri akafuta machozi na kitambaa, na Spika akasema kwa sauti kavu, "Mgeni huyo atolewe." Askari wawili wakanishika kwapa. Nilipokuwa navutwa mlangoni nikageuka kumwangalia Mama Mutheu. Yeye peke yake alikuwa hacheki. Alikuwa bado anaangalia chini kwa Spika, akingoja, kwa sababu mimi nilikuwa sijamjibu swali lake.

Waliniweka kwenye chumba kidogo mpaka jioni, wakaandika jina langu, wakaniambia nisionekane hapo tena. Nilipotoka nikakuta dereva ameshusha kiti ameniachia langoni, ameenda. Hakuna basi lililokubali kukipakia. Nikakibeba kichwani kutoka mjini mpaka Jericho, na njia nzima watu wakinirushia maneno, "Mzee, unahama na nini, kiti cha enzi?"

Siku ya Ijumaa asubuhi karani wa nyumba alikuja na watu wake. Nilitoka nikamkabili, nikamwambia swali litaandikwa upya, Mheshimiwa ameniahidi, ni kungoja wiki chache tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Bwana Kanuni," akasema, na hakuwa anacheka, "leo kuna swali Bungeni?" Nikasema, leo hakuna. "Basi." Wakatoa kitanda, meza, sufuria, vitabu vya Mutheu vimefungwa kwa uzi. Na Mama Mutheu akakalia kile kiti cha vichwa vya simba, nilichokuwa nimekiacha hapo nje kwenye vumbi kwa kukosa pa kukipeleka, akingoja lori la kwenda kwao, Mutheu amesimama nyuma yake amevaa sare ya shule. Nilimsogelea nikataka kusema pole. Akaniwahi. "Usijali, Baba Njeri," akasema. "Ulijitahidi." Afadhali angenipiga kofi.

Mutheu hakufanya mtihani mwaka huo. Swali liliandikwa upya, kweli, na liliulizwa, na Waziri, akiwa amebanwa na barua mezani, akakiri na kuwaongeza wajane wote miezi sita. Wote waliokuwa bado ndani. Na miaka michache baadaye, niko stoo, nikasikia redioni kwamba wabunge wamebadilisha kanuni zao wenyewe: swali likiitwa na mwenyewe hayupo, haliondolewi papo hapo, linaitwa mara ya pili baada ya mengine kwisha. Mara ya pili! Tungeliwahi, tena tungekaa tungoje. Wenzangu wakaniambia, "Bwana Kanuni, si ufurahi?" Nilizima redio nikarudi kuhesabu spana.

Sijakanyaga Bunge tena, na si kwa sababu ya wale askari. Mtu akinipa barua ya shida yake siku hizi naipeleka kwa miguu yangu, naiacha palipotakiwa, narudi nyumbani. Sisomi risala. Sipigi picha.

Ile picha ninayo. Mpiga picha aliniletea baada ya wiki mbili, ameiwekea fremu kabisa. Mheshimiwa amekalia kiti, mimi nimesimama kando yake, kifua mbele, mkono wa kushoto nimeuinua na karatasi za risala ili zionekane, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanaangalia kamera. Mama Mutheu tu ndiye haangalii. Yeye anaangalia mkono wangu, hapo kwenye kifundo, kwenye saa.