Gracien Alivyokalia Kifuniko

Pale sokoni Bwera, kila aliyenunua samaki wa chumvi kwa Emérance aliondoka na habari za meli. Mwanawe Gracien yuko baharini, anavaa kofia ngumu na mkanda wa usalama, na akiumia hata kidole nahodha mwenyewe ndiye wa kuulizwa. Asiyetaka kusikia akanunue kwa Aimée, meza ya pili.

Siku Gracien alipopiga simu kutoka bandarini, mama alijua kwa pumzi tu kwamba ana neno. Gracien akamweleza polepole. Meli ilibeba magogo, na tumbo lake, ghala la chini, lilikuwa limefungwa tangu yalipopakiwa. Miti mibichi inakula hewa. Mtu akishuka anaanguka kabla hajajua. Sheria inataka hewa ipimwe kwanza, na mtu abaki mlangoni na kamba. Kipimo kimeharibika. Mkubwa wa zamu anasema hakuna kungoja, mmoja ashuke, na anayekataa afunge begi. Gracien amekalia kifuniko cha mlango wa kushukia ili asishuke yeyote.

Emérance akamkumbuka baba yake Gracien. Marehemu mumewe, Anselme, alikuwa mchimba vyoo. Kabla ya kushuka aliteremsha katadoba, ile taa ndogo ya mkebe, kwa kamba; ikizimika, siku hiyo hakuna kazi. Halafu mdogo wake akaja akashuka bila taa katika shimo la zamani, kwa haraka zake, akaanguka. Anselme, aliyejua yote hayo, akamfuata. Walitolewa pamoja.

"Mama," Gracien akasema, "wakinifukuza, utasema nini mu soko?"

Hapo ndipo palipomchoma. Soko zima alikuwa amelijaza meli.

"Nitasema mutoto wangu iko muzima. Kaa hapo hapo. Na mwenzako akishuka, usimufuate. Vuta kamba, ita watu, lakini usimufuate. Unasikia?"

Alisikia. Hakushuka mtu mpaka feni zilipoletwa kuingiza hewa. Kazi ikaendelea, na Gracien akaachwa bandarini na begi lake.

Aliposhuka Bwera, Aimée alikuwa wa kwanza kumwona. "Eh, mama wa meli, baharia wako anarudi na vumbi kwa miguu?" Watu wakacheka. Emérance akaendelea kupanga samaki.

Sasa Gracien anachimba vyoo upande wa Kinyamaseke, kama baba yake. Siku za kushuka shimo refu, Emérance anamwachia Aimée meza yake, ingawa anajua atapunjwa. Anateremsha katadoba mwenyewe, anaipandisha, anautazama moto wake mpaka aridhike. Kisha anaketi ukingoni na kamba mkononi, na haondoki hata mvua ikinyesha.

Mpita njia akimuuliza mama mzima anafanya nini kwenye shimo la choo, hageuzi hata kichwa.

"Kazi ya meli," anajibu.