Samli kwenye Bunduki ya Kamala

Shemeji yangu Kamala ni msafi kila mahali isipokuwa kwenye bunduki. Ni mkulima wa Kimwani, kahawa na migomba, anaimba besi kanisani, Mlutheri kama mimi, na shati lake la Jumapili limenyooshwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Lakini bunduki yake, ptu!

Mimi ni Elieza, askari mstaafu wa wanyamapori. Hapa Rwamishenye wenye vibali huniletea bunduki zao nizisafishe. Nimeona kutu, nimeona mchanga wa ziwani, nimeona hata nyumba ya nyigu ndani ya mtutu. Uchafu kama wa Kamala sijaona.

Mwaka jana aliileta imeviringishwa kwenye kitenge cha mkewe, Kokubanza, ambaye ni dada yangu. Ni shotigani ya kisasa, ile inayojipakia risasi yenyewe ukishapiga. Nikafungua chemba, risasi imo! Ametoka nayo Kimwani hivyo hivyo, nyuma ya pikipiki.

"Shemeji, una akili timamu kweli?"

"Waitu shemeji, kitufe cha usalama si nimebonyeza?" Akanibembeleza kwa Kihaya, akacheka, eti.

Nikatoa risasi, nikaifumua bunduki mezani. Harufu iliyonipiga ilikuwa ya samli iliyochacha. Baba yake Kamala alikuwa na mkuki, akiupaka samli ya ng'ombe na kuuning'iniza juu ya meko, moshi ufukuze mchwa. Ukadumu miaka na miaka. Basi na mwanawe kaipaka bunduki samli, kaining'iniza juu ya chungu cha ndizi! Pistoni ilikuwa imegandamana kwa utando mweusi wa samli na masizi, na ndani ya utando kuna miguu ya mende. Miguu tu. Mende wenyewe walikokwenda sikutaka kujua. Nilitoka nje nikatema mate.

Nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. "Huu si mkuki, bwana. Ukipiga, gesi ya baruti inapita kwenye vitundu hivi viwili, inaisukuma pistoni nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda. Vitundu vikiziba, ganda linanasa, na wewe unabaki umeshika rungu." Nikamwonyesha kazi yote: toa risasi kwanza, fungua, pitisha brashi kwenye mtutu, futa pistoni na vitundu mpaka vikauke, mafuta ya bunduki tone moja, kisha futa tena. Halafu kabati la chuma na kufuli, siyo jikoni.

"Nimeelewa," akasema. Watu wa namna hii huelewa haraka sana.

Mwezi wa nne mwaka huu nguruwe pori waliingia mashamba ya Kimwani, wakafukua mihogo, wakalala kwenye maharage. Kijiji kikapanga msako, ila mtendaji wake akataka mimi fundi niikague kwanza bunduki ya Kamala. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara tope tupu. Kokubanza akanipigia simu.

"Kaka, si uliisafisha mwaka jana? Kamala anasema anaitunza. Tusemee neno, chakula kinaisha."

Nikampigia mtendaji nikasema bunduki iko safi. Nikamwambia na dada yangu, "Usihofu, iko safi." Kwenye kiti sikunyanyuka.

Asubuhi ya msako mbwa walivalishwa njuga, wanaume wenye mikuki wakatanda kichakani, wanawake wakajipanga ukingoni mwa shamba wakipiga madebe. Kokubanza alisimama karibu na mumewe. Nguruwe dume akatoka. Kamala akampiga begani, lakini hakuanguka, akawageukia. Kamala akavuta tena. Wapi! Ganda limenasa. Isaac, jirani yao, aliniambia Kamala alikuwa anaitikisa bunduki kama chupa ya dawa ya kikohozi, na watu wanatimua mbio. Kokubanza hakukimbia. Yule dume alimpasua mguu mpaka mfupa ukaonekana, ndipo mikuki ikammaliza mnyama.

Polisi waliichukua bunduki, wakaniita niifungue. Samli tena, tabaka juu ya tabaka! Nikaenda hospitali, nikamkuta Kamala kwenye benchi analia, nami nikamtukana palepale, mbele ya wauguzi, matusi ambayo mzee wa kanisa kama mimi hapaswi hata kuyajua. Sikumhurumia hata kidogo.

Siku ya tatu dada yangu alipata nguvu ya kusema. Mguu ulikuwa umeshakatwa, juu ya goti. Nikakaa kando ya kitanda, nikamwuliza kilichokuwa kinanikera tangu siku ile.

"Wenzako wote walikimbia. Wewe ulisimama unangoja nini?"

Akanitazama, akashangaa kwamba nauliza.

"Risasi ya pili, kaka. Si uliniambia iko safi?"